"Ni mafua tu," na mtoto hajatimiza arobaini

Juzi nimeisikia tena, Langoni, Lamu, nyumbani kwa mzazi wa siku kumi na mbili. Shangazi mtu, pua nyekundu, leso mkononi: "Ni mafua tu, mwanangu, pepo za kusi hizi." Akapita moja kwa moja hadi ndani, kule nyuma kusikofika upepo, akambusu mtoto.

Mafua huwa "tu" kwa mtu mzima. Mtoto mchanga hutegemea pua kupumua. Ikiziba, kunyonya kunamshinda. Tena kifaduro huanza vivyo hivyo, kwa pua kutiririka na kikohozi chepesi cha wiki moja au mbili, na hapo ndipo kinapoambukiza sana. Mkubwa hukohoa akalaumu baridi. Mtoto pengine hakohoi kabisa: pumzi husimama. Sasa piga hesabu. Chanjo yake ya kwanza ya kifaduro ni ya wiki 6, yaani siku 42. Arobaini nzima, siku zile zile tunazojazana chumbani kumtazama, bado hajachanjwa. Ya homa ya mafua (influenza) ndiyo mbali zaidi, haitolewi kabla ya miezi 6.

Kwa hivyo una mafua au kikohozi? Usiende. Uji wa pilipili manga uache dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, pongezi zipeleke kwa simu. Kama huna budi, labda ndiwe umwoshaye mzazi, vaa barakoa ya hospitali kabla ya kuvuka kizingiti, ifunike pua (kidevu hakiambukizi mtu), nawa mikono, na busu liache. Na kama kwako kuna mwenye homa ya mafua, vaa hata ukijiona mzima, kwani huambukiza tangu siku moja kabla hujahisi kitu.

Kuna wanaoniambia nikabu yatosha. Nikabu ni sitara, si chujio, na chini iko wazi. Barakoa huvaliwa ndani yake bila taabu. Wengine: "Barakoa si ziliisha na korona?" Kilichoondolewa Kenya Machi 2022 ni amri ya kuvaa. Kifaduro hakikuwa na habari.

Na kumvalisha mtoto mwenyewe? La, jamani! Chini ya miaka 2 havalishwi, atakosa pumzi.

Mama akishikwa na mafua, asimwachishe ziwa. Yanayoambukiza ni pumzi na mikono, si maziwa. Avae barakoa, anawe, anyonyeshe kama kawaida.