Elimu kwa umma: Biti, melodi na "sauti yangu" katika fomu za kazi za muziki

Malalamiko ya nani katunga nini yanazidi kutufikia hapa Dodoma, hasa baina ya waimbaji, watayarishaji wa studio na vikundi vya ngoma. Mengi huanzia kwenye fomu ya kazi ya muziki, inayoonyesha nani kafanya nini: mtu kaandika "sauti ni yangu", na hakuna anayejua anadai kitu gani. Sauti ina kimo, yaani juu au chini, ina ukubwa, ina rangi inayotenganisha zeze na filimbi hata zikipiga noti moja. Na kwenye kwaya, sauti ni soprano, alto, teno au besi.

Anayedai melodi aandike melodi: mfuatano wa noti, kila moja na kimo na urefu wake, ambao mtu anaweza kuupiga mluzi bila maneno. Ukiuhamisha wimbo kutoka ufunguo (noti ya msingi ya wimbo) wa C kwenda D, melodi ni ileile. Ukipunguza kasi kutoka mapigo 120 kwa dakika hadi 90, ni ileile. Tumelisema hili mara nyingi, na bado fomu za "nimebadilisha ufunguo" zinaletwa.

Mapigo ni mwendo ulio sawa, ule unaougonga kwa mguu. Mdundo ni mpangilio wa sauti ndefu na fupi juu ya mapigo hayo. Biti ya studio ni ngoma, besi na kinanda vilivyokwisha kupangwa. Aliyetengeneza biti peke yake haandikwi mtunzi wa maneno, lakini kama melodi ya kiitikio kaibuni yeye, ana haki ya kuandikwa.

Watayarishaji, angalieni muziki wa Wagogo. Noti zake nyingi hufuata mfululizo wa asili wa sauti, yaani noti zinazotokea zenyewe juu ya noti moja ya msingi, ambamo ile ya saba iko takriban senti 31 chini ya noti ya kinanda iliyo karibu nayo (senti hapa ni kipimo cha kimo: nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa ya kinanda, ni senti 100). Programu ya kunyoosha sauti huivuta juu, kisha lawama wanatupiwa wazee kwamba wameimba chini. Wazee wako sawa. Izimeni hiyo programu. Vilevile, wimbo wa 6/8 una mapigo makubwa mawili yenye vipigo vitatu vitatu. Ukiurekodi kwa 4/4, yaani mapigo manne, noti zilizoandikwa hazitalingana na rekodi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda pia sanaa za jadi. Kwa hiyo ukichukua wimbo wa muheme, ngoma ya Wagogo, sehemu ya mtunzi andika "jadi, Wagogo", na jina lako likae kwenye mpangaji wa muziki. Hakimiliki huanza kazi inapotungwa na hudumu uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, ndiyo maana jina lisilo sahihi huja kuwasumbua warithi. Fomu ni ushahidi tu.

Tumia jina la kitambulisho. La jukwaani liwe kwenye mabano. Ambatisha maneno yote ya wimbo na rekodi nzima, si kipande cha kiitikio. Tenganisha mtunzi wa maneno, mtunzi wa melodi, mpangaji, mtayarishaji na mwimbaji, hata kama wote ni wewe. Mgao wa asilimia za kila mmoja ujumlishwe kabla ya saini: ukizidi au ukipungua asilimia 100, fomu inarudi, hata kama wote mmesaini.