Kiwanda Kimefungwa, Sumu Imebaki: Maswali na Majibu Kuhusu Risasi Katika Udongo na Maji

Kwa miaka kadhaa, hadi kilipofungwa mwaka 2014, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba za Owino Uhuru, kitongoji cha watu wapatao 3,000 huko Mombasa. Moshi wake ulitua juu ya mabati, na majitaka yenye asidi yalipita katikati ya makazi. Phyllis Omido, aliyeajiriwa kiwandani humo mwaka 2009, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na madini ya risasi, metali ya sumu iliyomo katika betri hizo, katika damu, akaanzisha harakati ambazo mwaka 2015 zilimpatia Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Maswali yafuatayo ni yale ambayo mkazi wa mahali popote pa namna hiyo ana haki ya kuuliza. Yote yanarudi kwenye jambo moja: kuusafisha udongo ni sehemu ya matibabu, tena ni sehemu inayopaswa kutangulia dawa.

Ikiwa tanuri limezimwa, kwa nini bado tunaambiwa tuko hatarini?

Kwa sababu risasi haiozi. Mafuta ya petroli yakimwagika, vijidudu vilivyomo udongoni vinaweza kuyala taratibu hadi yakapungua. Risasi ni metali, na hakuna kijidudu, jua wala mvua inayoweza kuimaliza. Vumbi lake likishatua hushikamana na udongo wa mfinyanzi na mboji, likabaki katika sentimita chache za juu, yaani pale pale mtoto anapotambaa, kuku anapoparua na fagio linapopita kila asubuhi. Huko Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulioanza kazi mwanzoni mwa karne ya 20 ulifungwa mwaka 1994, lakini watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye wamekutwa na risasi nyingi katika damu.

Inaingiaje mwilini, na kwa nini watoto ndio wanaoumia zaidi?

Njia kuu ni mdomo, ikifuatiwa na pumzi. Mtoto hucheza gololi chini, akalamba vidole, akaokota andazi lililoanguka na kulila. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutokana na chanzo kile kile, na mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalisi hufyonza zaidi. Mwili huidhania risasi kuwa kalisi na kuihifadhi mifupani, inakoweza kukaa miongo mingi; mwanamke aliyeivuta akiwa msichana huweza kuirudisha katika damu anapobeba mimba au kunyonyesha, ikamfikia mwanawe.

Hapa lazima nitaje desturi ya kula udongo, unaoitwa pemba huku na odowa kule, ambayo akina mama wajawazito wengi wanaijua. Mama anayeishi karibu na kiwanda cha zamani asile kabisa udongo uliochimbwa au kuanikwa eneo hilo, na mhudumu wa kliniki amwulize kuhusu jambo hili kwa upole, bila kumwaibisha, la sivyo hatasema.

Dalili zake ni zipi?

Mara nyingi hakuna dalili yoyote, na hilo ndilo linalonihuzunisha zaidi, kwa kuwa mtoto anaweza kupoteza uwezo wa kujifunza na kutulia darasani huku nyumbani na shuleni akiitwa mtundu au mzito wa kuelewa. Kiwango kikipanda huja maumivu ya tumbo, kufunga choo, kutapika na upungufu wa damu. Kikipanda zaidi huja degedege, kupoteza fahamu na hata kifo. Ni kipimo cha damu pekee kinachothibitisha. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu akifikia mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kuondolewa.

Je, si afadhali watoto watibiwe kwanza, udongo usubiri fedha zipatikane?

Hapana, ingawa ninaelewa uchungu wa mzazi anayeuliza hivyo. Zipo dawa zinazoinasa risasi katika damu na kuitoa kwa mkojo, na kwa mtoto aliyefikia mikrogramu 45 au zaidi zinaweza kuokoa maisha. Hata hivyo dawa hizo hazirejeshi ubongo ulioharibika, na mtoto akirudishwa kwenye uwanja ule ule, damu yake hupanda tena. Katika jimbo la Zamfara, Nigeria, ambako mwaka 2010 iligundulika kwamba mamia ya watoto walikuwa wamekufa kwa risasi iliyotokana na kusaga mawe yenye dhahabu majumbani, shirika la kitabibu la Madaktari Wasio na Mipaka lilishikilia kwamba nyua zisafishwe kabla ya matibabu kuanza. Watoto wa kijiji cha Bagega walisubiri hadi mwaka 2013, kijiji chao kiliposafishwa. Ulikuwa uamuzi mgumu, lakini kitabibu ulikuwa sahihi. Mtoto aliye mahututi hapaswi kusubiri. Huyo atibiwe hospitalini mara moja na asirudishwe nyumbani hadi mahali pa kumrudisha pawe salama.

Udongo unasafishwaje?

Kazi huanza kwa kupima, si kwa kuchimba. Eneo hugawanywa katika miraba, sampuli huchukuliwa kila mraba, na ramani huonyesha sumu imekaa wapi. Nchini Marekani, shirika la serikali la kulinda mazingira liliteremsha kiwango cha tahadhari kwa udongo wa makazi mnamo Januari 2024, kutoka miligramu 400 hadi 200 za risasi kwa kilo moja ya udongo.

Pale palipozidi sana, tabaka la juu huondolewa, hupelekwa kwenye dampo maalumu lililotandikwa chini kwa vizuizi visivyopitisha maji, na nafasi yake hujazwa udongo safi. Pale ambapo kuchimba hakuwezekani, udongo huachwa na kufunikwa kwa kitambaa imara cha kutenganishia, juu yake ukaja udongo safi, nyasi au zege. Njia hii hugharimu kidogo, lakini hudumu tu ikiwa kuna mtu mwenye wajibu wa kulinda mfuniko huo, kwa sababu siku moja fundi wa bomba atakuja na sururu. Njia ya tatu ni kuchanganya fosfeti, ambayo hupatikana hata katika mifupa ya samaki iliyosagwa, ili ishikane na risasi na kuifanya isiyeyuke kwa urahisi tumboni.

Kuhusu mimea inayofyonza metali, kama alizeti na haradali, nisingependa mtu apewe matumaini ya bure. Hufyonza risasi kidogo mno, huhitaji miaka mingi, na mimea yenyewe hugeuka taka ya sumu ambayo mbuzi hapaswi kuila. Kwa mahali ambapo watoto wanalala mita chache kutoka kwenye udongo huo, hilo si jibu.

Usafishaji wa ovyo huweza kudhuru kuliko kuacha. Udongo usiolowanishwa wakati wa kuchimbwa hurusha vumbi, lori lisilofunikwa hulisambaza njiani, na makapi ya tanuri yanayogawiwa bure kwa ajili ya kujazia msingi wa nyumba huhamishia sumu kwa jirani. Wafanyakazi wavae barakoa zinazofaa, waoge na kubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani.

Na maji ya kisima?

Katika udongo wa kawaida risasi haishuki mbali, lakini asidi ya betri huilegeza, na mchanga hupitisha maji haraka. Kwa hiyo kisima kipimwe maabara. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, kiasi ambacho jicho, pua wala ulimi hauwezi kukitambua. Kuchemsha hakuondoi risasi. Maji hupungua sufuriani na risasi hubaki. Klorini pia haiondoi. Maji ya mvua yanayokingwa kwenye mabati yaliyotuliwa na vumbi la kiwanda yasinywewe.

Maji ya chini ya ardhi yakishachafuka, huchimbwa visima vya uchunguzi ili kujua yanaelekea wapi, kisha huvutwa kwa pampu na kusafishwa, au hujengwa chini ya ardhi ukuta wa vitu vinavyopitisha maji na kunasa metali. Kazi hiyo huweza kuchukua miaka mingi, kwa hiyo wakazi wapelekewe maji ya bomba kutoka kwingine wakati wanasubiri.

Sisi nyumbani tufanye nini?

Nyunyiza maji kabla ya kufagia, piga deki mara kwa mara, acha viatu mlangoni, nawisha watoto kwa sabuni kabla ya kula, osha mchicha na sukuma wiki kwa maji mengi, na wape watoto maharage, dagaa na maziwa kadiri mnavyoweza. Hatua hizi hupunguza dozi, lakini hazimwondolei wajibu aliyechafua.

Nani anapaswa kulipa?

Aliyechafua ndiye mwenye wajibu. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi wa Owino Uhuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na udongo, maji na taka zisafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe shilingi milioni 700 za kurejesha mazingira. Amri ya fidia ilipinduliwa katika rufaa, kisha Mahakama ya Upeo ikairejesha Desemba 2024.

Tutajuaje kwamba kazi imekamilika?

Msiridhike na picha za malori. Takeni ramani mbili za vipimo, ya kabla na ya baada, zikiwa na sampuli kutoka uani, jikoni na uwanja wa shule, wala si kutoka ndani ya ukuta wa kiwanda peke yake. Kisha damu za watoto zipimwe tena kwa vipindi, hasa za wale waliozaliwa baada ya usafi, kwa kuwa hao hawana risasi ya zamani ya kwao wenyewe iliyolala mifupani, na damu yao ikianza kupanda, udongo bado haujapona.