Tamasha la filamu za mkanda mwembamba: maana yake na pa kuanzia

Tamasha la filamu za mkanda mwembamba ni lile linalopokea kazi zilizopigwa kwenye mkanda halisi wenye upana mdogo kuliko milimita 35, kipimo kilichozoeleka katika majumba ya sinema. Mara nyingi huwa ni milimita 16, milimita 8 ya kawaida na Super 8. Baadhi huongeza milimita 9.5, mkanda ulioletwa na Pathé ya Ufaransa mwaka 1922, ambao matundu yake (yanayoshikwa na meno ya mashine ili kuuvuta) yako katikati, baina ya fremu na fremu, yaani picha moja na inayofuata, badala ya pembeni.

Mikanda hii haikutengenezewa matamasha. Kodak ilipotoa ule wa milimita 16 mwaka 1923, ilimlenga mtu wa kawaida anayetaka kupiga filamu za familia yake. Mkanda wa milimita 35 wa enzi hizo ulikuwa wa nitreti, unaoshika moto upesi. Huu mwembamba ulitengenezwa kwa asetati ili uweze kuonyeshwa sebuleni bila hofu ya kuunguza nyumba. Mwaka 1932 ikaja milimita 8, rahisi zaidi: mkanda wa upana wa milimita 16 ulipita kwenye kamera mara mbili, upande mmoja kisha wa pili, halafu maabara ikaupasua katikati. Super 8 ya mwaka 1965 ilibaki na upana uleule lakini ikapunguza matundu ili fremu iwe kubwa, na ikawekwa ndani ya katriji ya kupachika tu. Wasanii wasio na fedha za studio waliona faida ya mikanda hii myembamba mapema. Tamasha la Ann Arbor, Marekani, lilianza mwaka 1963 kwa kazi za milimita 16, na bado lipo.

Anayetaka kuanzisha tamasha la aina hii ana swali moja la kujibu kabla hajatafuta ukumbi wala majaji: mkanda unatakiwa kwenye kamera tu, au hata kwenye projekta? Matangazo mengi hayasemi, na matokeo yake waandaaji hupokea mafaili ya kompyuta kutoka kwa huyu na maboksi ya posta kutoka kwa yule.

Ukisema kamera tu, mambo ni mepesi. Mtu anapiga, maabara inasafisha mkanda, unaskaniwa, na wewe unapokea faili. Kikwazo kimojawapo ni kasi. Filamu nyingi za Super 8 hupigwa kwa fremu 18 kwa sekunde, wakati mitambo ya dijitali ya sinema imezoea 24. Aliyeandaa faili bila kulijali hilo ataona watu wake wakikimbia ovyo kwenye skrini. Na hakuna kinachomzuia mtu kukuletea picha za simu zilizopakwa mikwaruzo ya bandia, kwa hiyo omba jina la mkanda uliotumika na picha ya mkanda wenyewe.

Ukisema projekta pia, umejitwika mzigo mwingine kabisa, ingawa binafsi naona hapo ndipo tamasha linapostahili jina lake. Projekta ya Super 8 haisomi milimita 8 ya kawaida isipokuwa iwe imeundwa kwa zote mbili, maana matundu hayalingani. Taa yake ni ndogo. Ukumbi mkubwa wenye pazia pana utatoa picha hafifu kama ya mshumaa, hivyo chumba cha watu wachache na giza la kweli kinafaa zaidi. Milimita 16, yenye projekta za taa kali, ndiyo inayoweza kuhimili ukumbi mpana.

Kisha kuna suala la nakala. Mkanda wa negativu, ambao rangi zake huonekana zimegeuzwa, lazima uchapishwe nakala ya kuonyeshea, na maabara zinazofanya hivyo kwa Super 8 ni chache mno. Mkanda wa positivu, kama Ektachrome ambayo Kodak iliirudisha sokoni mwaka 2018, hauhitaji nakala: kilichopita kwenye kamera ndicho kinachopita kwenye projekta. Maana yake unachotumiwa huenda ndicho pekee kilichopo duniani. Kila kiungo, yaani pale vipande vya mkanda vilipounganishwa, kikaguliwe kwa mkono kabla ya onyesho, na mkanda wa zamani wenye harufu ya siki usiingizwe kwenye mashine; asetati yake imeanza kuoza na kusinyaa, na meno ya projekta yataurarua. Mwendeshaji mzoefu wa projekta ni wa lazima, na alipwe.

Urefu wa kazi huamuliwa kwa kiasi kikubwa na mkanda wenyewe. Katriji moja ya Super 8 ina futi 50, yaani takriban mita 15: dakika 3 na sekunde 20 kwa fremu 18, au dakika 2 na nusu kwa fremu 24. Tamasha la Straight 8, lililoanzia Uingereza mwaka 1999, liligeuza ufinyu huo kuwa kanuni: katriji moja, uhariri wote ufanyike ndani ya kamera, sauti iandaliwe pembeni, na mtengenezaji aione kazi yake kwa mara ya kwanza pamoja na watazamaji. Kwa tamasha changa kanuni ya namna hiyo ina faida za wazi, kwani ratiba inajulikana mapema na mshiriki hulipia katriji moja tu.

Sauti iulizwe kwenye fomu ya ushiriki. Milimita 16 inaweza kubeba sauti pembeni mwa picha. Super 8 ilipata mkanda wenye ukanda wa sumaku mwaka 1973, lakini mkanda huo hautengenezwi tena, kwa hiyo kazi mpya hufika kimya na faili la muziki kando, au na mwanamuziki wa kupiga palepale ukumbini. Faili la sauti na projekta ya zamani huachana taratibu kwa sababu mota haishiki kasi moja. Basi fomu iulize pia kama filamu inahitaji sauti ilingane na midomo, na kama jibu ni ndiyo, hiyo ionyeshwe kwa faili la kompyuta lenye picha na sauti pamoja.