Urefu si uzito: jibu langu kwa kijana anayeuliza kama ufupi utamwangusha ulingoni

Juma lililopita kijana mmoja wa boda boda alisimama mlangoni mwa klabu yetu ya ndondi hapa Naguru, Kampala, kofia ya pikipiki mkononi, akaniuliza hata hajanisalimia: "Kocha, mimi na ufupi huu, kweli nitaweza kupigana?" Kabla sijafungua mdomo, fundi anayetushonea mifuko ya mazoezi alishamjibu kwamba wembamba wa reli, treni hupita.

Methali hiyo naisikia kila mwezi, na kila mwezi inanisumbua. Reli ni nyembamba, sawa, lakini ni chuma kitupu kilicholala juu ya mataruma na kokoto. Iweke kwenye mizani kwanza ndipo uusifie wembamba wake. Halafu wahenga haohao ndio waliosema mwenye nguvu mpishe. Kijana yule alistahili jibu refu kuliko methali mbili zinazovutana, na kwa kuwa alikuwa na abiria anamsubiri, namwandikia hapa.

Tunaposema "jamaa ni mkubwa" huwa tunachanganya vitu viwili: kimo na kilo. Katika mapigano hivi havifanani hata kidogo. Kilo zinamsaidia mwenye nazo karibu kila mara, hata asipozifikiria. Kimo kinamsaidia yule tu aliyefundishwa kukilinda, na asiyejua kukilinda hugeuziwa kikawa mzigo.

Nianze na kilo. Ngumi haitoki begani kama wengi wanavyodhani. Inaanzia kwenye unyayo, inapanda gotini, nyonga inaizungusha, na mkono kazi yake ni kuifikisha tu. Kwa hiyo mwenye kilo 80 anayejua kuzungusha nyonga anaweka nyuma ya konde lake mwili mzito kuliko mwenye kilo 60 anayejua vilevile. Hiyo ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili, ambayo mashabiki hawaioni, iko kwa anayepigwa. Kinachomlaza mtu si maumivu ya ngozi, ni kichwa kurushwa ghafla na ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Konde moja likitua kwenye kichwa kizito chenye shingo nene, kichwa kinasogea kidogo. Likitua kwenye kichwa chepesi chenye shingo ya mwanafunzi wa sekondari, kinaruka. Mzito basi anatoa zaidi na anaumia kwa uchache. Mwepesi anapungukiwa mara mbili.

Ndiyo sababu ndondi zina madaraja ya uzani. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024 wanaume walipigana katika kilo 51, 57, 63.5, 71, 80, 92 na zaidi ya 92. Hakuna daraja hata moja linalopimwa kwa sentimita. Waliotunga sheria walijua ni kipi kinachoumiza.

Na madaraja hayo ndiyo yanayomfungulia mlango mtu mfupi. Medali za kwanza kabisa za Uganda katika Olimpiki zilitoka Mexico mwaka 1968, na walioleta ni wanaume wawili wadogo wa mwili: Eridadi Mukwanga fedha katika uzani wa bantam, yaani kilo 54, Leo Rwabwogo shaba katika uzani wa flai, yaani kilo 51. Miaka 4 baadaye, Munich, Rwabwogo alirudi na fedha. Mimi nilizaliwa kambini Jinja, baba askari, na majina hayo nilifundishwa kwa Kiswahili cha kambini kabla sijafundishwa kufunga bendeji. Afande aliyetufundisha alikuwa na msemo mmoja tu akiona mtoto anajidharau: "Rwabwogo alikuwa na kilo ngapi?" Tunajibu kwa sauti, wote pamoja, na mazoezi yanaendelea.

Sasa, kilo zinashindwa na ufundi? Ndiyo, zinashindwa, na mfano tunao nyumbani. Ayub Kalule alikuwa bingwa wa dunia wa WBA, chama kimojawapo cha ngumi za kulipwa, katika uzani wa pauni 154, karibu kilo 70, mkono wa kushoto, hajawahi kushindwa katika ngumi za kulipwa. Juni 1981 Mmarekani Sugar Ray Leonard alipanda kutoka daraja la chini yake, akamfuata Houston, na akamsimamisha raundi ya 9. Mdogo alimshinda mkubwa. Lakini angalia jina la huyo mdogo. Leonard hakuwa bondia wa kawaida, na tofauti kati ya daraja lake na la Kalule ilikuwa pauni 7 tu, kama kilo 3 hivi.

Miaka 5 baadaye njia ilikuwa ileile, mdogo kupanda daraja, ila matokeo yaligeuka. John Mugabi, Mganda mwingine, ambaye wapinzani wake wote wa ngumi za kulipwa walikuwa wamemalizika kwa KO, alipanda kutoka pauni 154 akamkabili Mmarekani Marvin Hagler kwa taji la uzani wa kati, pauni 160. Machi 1986, Las Vegas. Nani anayelisahau pambano lile? Mugabi alitupa kila alichokuwa nacho, Hagler akakipokea akiwa wima, na raundi ya 11 Mugabi alikuwa chini. Taji la dunia alilipata baadaye, 1989, katika pauni 154. Sisemi kwamba pauni 6 ndizo zilizompiga, aliyempiga ni Hagler. Nasema hivi: makonde yaliyokuwa yakizima taa kwa wengine, kwa mtu aliyejengeka kwenye daraja lile hayakuzima. Ufundi ukilingana, au ukikaribiana tu, kilo zinaanza kuzungumza.

Hapo kuna jambo ambalo lazima niliseme wazi, kwa sababu linaumiza vijana wetu. Mwaka mmoja nilimpeleka kijana wangu wa kilo 60 kwenye pambano la mkoani. Tulipofika mwandaaji alituambia mpinzani hakutokea, ila yupo mwingine, "tofauti ndogo tu", na mizani imeharibika. Nilimwangalia yule mwingine, nikaona mabega, nikaona shingo. Kijana wangu alikuwa ameshavaa glavu, watu wamelipa kiingilio, na yeye mwenyewe ananisihi: "Kocha, nitamweza." Nilikubali. Alipigana vizuri raundi mbili, kwa ufundi alikuwa mbele. Raundi ya tatu taya lilivunjika. Alikunywa uji kwa mrija wiki 6, na ulingoni hakurudi. Tangu siku ile natembea na mizani yangu mwenyewe kwenye begi, na mizani ikikataa, tunapanda taksi kurudi nyumbani. Wazazi mnaosoma hapa, hilo ndilo la kumuuliza kocha wa mtoto wenu kabla ya lolote: atapimwa wapi, na nani, na mpinzani ana kilo ngapi?

Tuje kwenye kimo, maana kijana wa boda boda aliuliza kimo.

Wawili wakiwa na kilo zinazolingana, mrefu ana mikono mirefu lakini mwili wake umetandazwa. Nyama ileile, mfupa mrefu. Mbavu zake ni uwanja mpana, na ini, lililo upande wake wa kulia, liko wazi kila anaponyoosha mkono. Mfupi wa uzani huohuo amekazwa: shingo fupi, mapaja mazito, kitovu cha uzito karibu na ardhi. Kwa hiyo swali si nani mwenye faida, swali ni pambano linapiganwa umbali gani. Kuna umbali ambao wote wawili hawafikiani. Kuna umbali ambao mrefu anafika na mfupi hafiki, na hapo ndipo mfupi anapopotezea mapambano yake. Kisha kuna karibu kabisa, kifua kwa kifua, ambako mkono mrefu hauna nafasi ya kujikunja, na mkono mfupi unakuwa dhahabu.

Kazi yote ya mfupi ni kuvuka kile kipande cha katikati bila kusimama ndani yake. Havuki kwa kukimbia mbele. Anavuka kichwa kikitoka kwenye mstari, magoti yakikunjwa badala ya kiuno, na wakati mzuri kuliko wote ni pale jebu la mrefu, yaani ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, linaporudi, kwa sababu mkono unaorudi haupigi. Akishaingia, apige mwili kwanza. Kichwa cha mrefu kiko mbali, mbavu ziko hapa.

Mike Tyson alikuwa na mita 1.78 tu, na mwaka 1986, akiwa na miaka 20, akawa bingwa wa uzani wa juu kijana kuliko wote katika historia, karibu kila aliyempiga akiwa mrefu kumzidi. Kichwa kilikuwa hakitulii, miguu inaingia pamoja na ngumi. Februari 1990, Tokyo, alikutana na Buster Douglas, aliyemzidi urefu wa mikono kwa karibu sentimita 30. Douglas siku ile aliutumia urefu wake jinsi unavyotakiwa: jebu, jebu, mkono wa kulia, hatua pembeni. Kichwa cha Tyson kilikuwa kimetulia zaidi ya zamani, na jebu likakipata. Raundi ya 10 aliangushwa. Ukitaka kuielewa faida ya kimo, tazama pambano hilo. Ukitaka kuona inavyonyang'anywa, tazama Hagler na Thomas Hearns, Aprili 1985. Hearns ana mita 1.85 na mikono mirefu ya ajabu, naye Hagler, mfupi kumzidi, alimbana tangu kengele ya kwanza, Hearns akakubali kubadilishana naye makonde, na yakaisha katika raundi 3.

Katika klabu zetu kosa ninaloliona zaidi ni la warefu. Kijana ana mita 1.88, kilo 71, na anapigana akiwa ameinama kumfuata mfupi huko chini aliko. Amempelekea kidevu mlangoni! Wafupi kwa kawaida huja wakijua wana kazi ya kufanya, warefu huja wakidhani kazi imeshafanywa na mama zao. Nawapenda wote, lakini mrefu mvivu ndiye anayeninyima usingizi.

Oleksandr Usyk na Tyson Fury, mabondia wa uzani wa juu, nao walionyesha kimo na kilo vikishindwa pamoja. Fury ni mita 2.06, Usyk 1.91, na katika pambano lao la pili, Desemba 2024 huko Riyadh, Fury alimzidi kwa takriban kilo 25. Usyk alishinda yote mawili, kwa pointi. Sababu naiona miguuni: Usyk hakai mbele ya mtu, anazunguka, na Fury alilazimika kugeuka tena na tena mpaka mapafu yakadai. Ila kumbuka tena jina. Mtu akikuletea Usyk kama ushahidi kwamba kilo si kitu, muulize Usyk wako wangapi.

Kwenye mieleka na judo habari ni nyingine kidogo, kwa sababu pale unamshika mtu, na uzito wake unaweza kuugeuza ukamwangusha mwenyewe. Desemba 1994, kwenye UFC, mashindano ya mapigano yanayoruhusu ngumi na kukabana na ambayo wakati huo hayakuwa na madaraja ya uzani, Royce Gracie, kilo kama 80, alilaliwa na Dan Severn aliyekuwa na karibu 118 kwa dakika 15 na ushei, kisha akamkaba shingo kwa miguu akiwa chini yake mpaka Severn akasalimu amri. Wengi walihitimisha kuwa ukubwa umekufa. Haukufa. Wakati ule Gracie alikuwa anajua kitu ambacho wenzake hawakukijua. Walipojifunza wote, faida ile ikayeyuka, na kufikia 1997 UFC ikaanza kugawa wapiganaji kwa uzani. Toshihiko Koga, bingwa wa judo wa kilo 71, aliingia mashindano ya Japani yasiyo na madaraja mwaka 1990 na akafika fainali akiwaangusha majitu. Aliyemsimamisha fainali alikuwa Naoya Ogawa, mzito kumzidi kwa makumi ya kilo. Fainali ile ndiyo jibu langu lote: ufundi ulimfikisha mbali kuliko alivyotazamiwa, na kwenye mlango wa mwisho alikuta mzito mwenye ufundi.

Kijana wa boda boda alirudi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, safari hii akinisalimia. Nilimpandisha kwenye mizani: kilo 56.4, bila viatu. Daraja lake lipo, wala hana haja ya kufunga kula. Nikamfungia kamba kutoka nguzo hadi nguzo, usawa wa mabega yake, nikamwambia apite chini yake kushoto na kulia huku akisonga mbele, mgongo wima, magoti ndiyo yafanye kazi. Glavu hatavaa wiki 3. Upande wa pili wa ukumbi nimemchorea kijana wangu wa mita 1.88 mstari wa chaki sakafuni, na kazi yake ni kupiga jebu bila unyayo wa mbele kuuvuka. Wiki ya 4 nitawakutanisha, si kwa pambano bali kwa mazoezi, taratibu, makonde ya mwilini tu.