Kipindupindu ni nini, na huvukaje mipaka?

Kipindupindu ni ugonjwa wa kuhara unaoletwa na bakteria aitwaye Vibrio cholerae. Bakteria huyu hatoboi utumbo wala haingii kwenye damu. Hujibanza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu, na sumu hiyo ndiyo inayoua: huzilazimisha seli zimwage chumvi, na chumvi inakokwenda maji hufuata. Ndiyo maana choo cha mgonjwa hufanana na maji yaliyooshewa mchele, meupe, yakielea vipande vya ute. Anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Macho huzama, ngozi ukiifinya huchelewa kurudi, misuli ya miguu hukaza. Asipopewa maji anaweza kufa siku hiyohiyo.

Mtu aliyelegea hivyo hafiki mbali. Anayeusafirisha ugonjwa ni aliyeambukizwa bila kuumwa, au aliyehara kidogo akapuuza, na hao ndio wengi. Choo chake hutoa bakteria kwa siku 1 hadi 10. Kumpima joto mpakani hakusaidii kitu, kwani kipindupindu kwa kawaida hakileti homa.

Wimbi la saba la kipindupindu duniani, ambalo bado linaendelea, lilianzia Indonesia mwaka 1961, likafika Afrika Magharibi 1970 na Kenya 1971. Lakini bakteria akifika hahitaji kukuta watu wagonjwa. Anahitaji maji yaliyochanganyika na kinyesi. Mei 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walisongamana Kagunga, kijiji kidogo cha Kigoma chenye milima nyuma na Ziwa Tanganyika mbele. Vyoo havikutosha, na ziwa ndilo lililokuwa karibu. Kipindupindu kililipuka.

Tiba ya kwanza ni maji, tena mapema. Pakiti ya ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kukorogwa kwenye maji) isipopatikana, koroga vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta, yaani visivyorundikwa juu ya ukingo, katika lita 1 ya maji safi. Sukari haipo kwa ajili ya ladha: huivuta chumvi kupitia mlango ambao sumu haiufungi, na maji huingia nayo. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto. Na wako wanaomnyima mgonjwa maji wakidhani watapunguza kuhara! Mpe kidogokidogo hata akitapika, huku mkimkimbiza kituo cha afya. Akishindwa kunywa, ni dripu tu itakayomwokoa.