Yai la kuchemsha halipotezi protini yake

Wanaonyanyua vyuma wengi hunywa mayai mabichi kwa kuamini kwamba moto "unaua" protini. Moto wa jikoni hauna nguvu hiyo.

Protini ni mnyororo wa asidi amino zilizoungwa kwa miungo ya peptidi. Ovalbumini, protini kuu ya ute mweupe, ina asidi amino 385, na mnyororo wake umekunjwa ukashikiliwa na miungo dhaifu, ikiwemo ya hidrojeni. Joto huachia hii dhaifu. Mikunjo hufunguka, minyororo hunasana, na ute huanza kuganda kwenye nyuzi 62 hivi za Selsiasi; ovalbumini yenyewe husubiri hadi karibu 80. Miungo ya peptidi hubaki mizima. Ili kuivunja yote, maabara hupika protini kwenye asidi hidrokloriki kali (6 M, kipimo cha ukali wake), nyuzi 110, kwa saa 24, na hata hapo asidi amino moja, triptofani, huharibika.

Tena mnyororo uliofunguka ni rahisi kwa pepsini na tripsini, vimeng'enya vya tumbo na utumbo, kuukata. Utafiti wa Ubelgiji wa mwaka 1998 ulipima: protini ya yai lililopikwa ilimeng'enywa kwa asilimia 91, ya yai bichi 51 tu. Ute mbichi una pia avidini, protini inayoing'ang'ania vitamini ya biotini isifyonzwe, mbali na hatari ya salmonela.

Kinachopunguza ubora kweli ni kukaanga hadi kuungua: lisini, moja ya asidi amino, huungana na sukari, na mwili hauwezi kuitumia tena.