Aliyenunua Ramani Hajaajiri Msanifu Majengo

Malalamiko kuhusu wasanifu majengo hayaishi kufika katika ofisi zetu za udhibiti wa majengo hapa Uganda, na mengi yana sura moja. Mwenye nyumba huja na bahasha ya michoro yenye muhuri, akaeleza kwamba ngazi imejengwa mahali pasipofaa au kwamba maji ya mvua yanaingia sebuleni, kisha akadai msanifu arudishe fedha. Tunapoomba mkataba wa kazi, tunaoneshwa risiti ya ramani. Hatuna shaka kwamba wengi wa wananchi hawa walikusudia kufuata sheria, lakini muhuri unathibitisha tu kwamba mchoro umeandaliwa na mtu mwenye sifa. Hauthibitishi kwamba mtu huyo alikanyaga eneo la ujenzi hata siku moja, na kwa bei ya risiti ile hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Kazi ya msanifu huanza kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa. Mteja hueleza familia yake ni ya watu wangapi, kama ataongeza vyumba vya kupangisha baadaye, na ana fedha kiasi gani. Hapo kwenye fedha tunawasihi wateja waseme ukweli, kwa sababu msanifu aliyedanganywa kuhusu bajeti atachora nyumba itakayoishia kwenye linta. Baada ya hapo msanifu huikagua ardhi pamoja na mpima ardhi. Chukua kiwanja chetu cha kawaida cha futi 50 kwa 100, ambacho ni kama desimali 11 na nusu (desimali moja ni sehemu ya mia ya ekari). Kikiwa kwenye mteremko wa asilimia 10 tu kwa urefu wake, upande wa chini utakuwa karibu mita 3 chini ya upande wa juu, yaani kimo cha ghorofa nzima. Katika vilima vya Kampala na Wakiso viwanja vya namna hiyo ni vingi, na ramani iliyopakuliwa kutoka intaneti, ambayo mchoraji wake alidhani ardhi ni tambarare, itamlazimisha mwenye nyumba kuchimba kilima na kujenga kuta za kuzuia udongo ambazo hakuziwekea hata shilingi. Msanifu aliyeuona mteremko angegawa nyumba katika viwango viwili, akaelekeza kuta ndefu kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisiunguze vyumba, na akaamua mapema maji ya mvua yatapita wapi.

Ukaguzi huohuo ndio unaofichua ardhi isiyofaa kujengwa. Kando ya Ziwa Victoria kanuni za mazingira zinalinda ukanda wa mita 200 kutoka ufukweni, na jirani kuwa amejenga humo si kibali chako. Aliye na kibanja, yaani haki ya kukalia kipande cha ardhi, ndani ya ardhi ya mailo, ambayo hati yake ya umiliki wa kudumu ni ya mtu mwingine, naye apate kwanza ridhaa ya mwenye hati kwa maandishi, maana swali hilo litaulizwa mapema.

Tunalazimika kurudia suala la vibali, kwa kuwa upotoshaji ni mwingi. Sheria ya Mipangomiji ya 2010 iliifanya Uganda nzima kuwa eneo la mipango, kwa hiyo hoja ya kwamba "huku kwetu ni kijijini" haina nguvu. Kuna hatua mbili tofauti. Kwanza ni idhini ya uendelezaji kutoka kwa kamati ya mipango, inayoangalia kama matumizi unayokusudia yanafaa kwa eneo hilo. Baada ya hapo ndipo kibali cha ujenzi huombwa kwa kamati ya majengo, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 na kanuni zake za 2020. Maombi huambatanishwa na uthibitisho wa haki juu ya ardhi, michoro ya msanifu aliyesajiliwa na, pale jengo linapohitaji, michoro ya mhandisi wa miundo aliyesajiliwa pia. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, si kibali cha ujenzi, wala haijawahi kuwa. Kupokelewa kwa maombi si kukubaliwa kwake, na fundi aliyeanza kuchimba msingi kwa sababu "faili liko ofisini" amejenga bila kibali.

Kuhusu adhabu, sheria zetu hutaja faini kwa pointi za sarafu, na pointi moja ni shilingi 20,000. Anayesoma "pointi 50" akacheka, ajue kwamba anasoma shilingi milioni 1. Kifungo nacho kimo katika sheria. Hata hivyo, kinachowaumiza watu zaidi ni amri ya kusimamisha kazi, ambayo huacha saruji ikigandia stoo, na amri ya kubomoa, ambayo gharama yake humwangukia mwenye jengo.

Kibali kikishatoka, wateja wengi huagana na msanifu, nasi tunaona huo ndio wakati wanaomhitaji zaidi. Msanifu anayesimamia hukagua vipimo kabla ya msingi kuchimbwa, hukutana na mhandisi kuangalia nondo kabla zege halijamwagwa, na huagiza sampuli za zege zipimwe nguvu zikiwa na siku 7 na siku 28. Nondo iliyokwisha kufunikwa haikaguliki kwa macho. Huko magharibi, ambako watu wa Toro bado wanalikumbuka tetemeko la 1966, uzembe katika maungio ya nguzo na boriti haufai hata kutajwa kama akiba ya fedha.

Msanifu huyo ndiye pia anayelinda mfuko wa mteja. Mkandarasi anapodai malipo, kazi iliyofanyika hupimwa kwanza, mara nyingi na mkadiriaji majenzi (mtaalamu wa kupima kazi na gharama za ujenzi), na msanifu hutoa hati ya malipo kwa thamani ya kazi hiyo pekee. Kwa mfano, kazi ikithaminiwa kuwa ya shilingi milioni 40 na mkataba ukiruhusu kuzuia asilimia 10, mteja hulipa milioni 36, na milioni 4 hubaki kama dhamana ya kurekebisha kasoro. Msanifu hapaswi kumpendelea yeyote katika hati hiyo, hata anayemlipa. Ndugu zetu walioko kyeyo, yaani wanaofanya kazi ng'ambo, wanaotuma fedha kila mwezi kwa kaka au shemeji ili "asukume kazi", hupata picha za simu badala ya hati, na picha haioneshi mifuko mingapi ya saruji imeingia kwenye zege. Hatumshutumu shemeji, ila hakusomea kazi hiyo.

Mabadiliko yoyote katikati ya ujenzi yapitie kwa msanifu kwa maandishi, na yale yanayogusa muundo au ukubwa wa jengo yarudi kwenye kamati. Kuongeza ghorofa juu ya msingi uliokadiriwa kwa nyumba ya chini si mabadiliko madogo, ingawa tunaambiwa hivyo mara kwa mara.

Jengo likikamilika, msanifu hulikagua pamoja na mteja na mkandarasi, akaandika orodha ya kasoro, kisha kibali cha kukalia jengo huombwa. Kuhamia kabla ya kukipata ni kosa, hata kama rangi imekauka na wageni wameshaalikwa. Dhamana iliyozuiliwa hulipwa baada ya kipindi cha kasoro kilichotajwa kwenye mkataba kupita na kasoro zilizoorodheshwa kurekebishwa. Kabla ya malipo hayo ya mwisho, mteja adai michoro inayoonesha jengo lilivyojengwa hasa, pamoja na mapito ya mabomba na nyaya.